Mzee Jeki hakuwa Jack: namna ya kuwatafuta wavumbuzi na watundu wa ukoo wako, Mtwara na Lindi

Kwa miaka mingi kwetu tuliamini kwamba kaka yake bibi mzaa mama alibatizwa Jack. Kila mtu alimwita Mzee Jeki, na kwa kuwa alikulia jirani na misheni upande wa Masasi, hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi. Nilipoanza kuandika habari za ukoo nikaenda ofisi ya kanisa kumtafuta Jack. Siku mbili nimeinamia madaftari ya ubatizo, karani ananitazama kwa huruma, na Jack hayupo. Jioni ya siku ya pili nikamweleza mama mkubwa, naye akacheka mpaka akaweka chini sahani ya ming'oko. "Mwanangu, jeki ile ya lori! Si ndiyo aliyokuwa anakamulia mabibo?"

Hivyo ndivyo nilivyompata mvumbuzi wa ukoo wetu, na kwa bahati alikuwa pia mtundu wa ukoo wetu, maana mabibo hayo, matunda ya mkorosho, hayakuishia kwenye uraka, pombe yake ya kawaida; mengine yalikwenda kwenye gongo. Ninayoyaandika hapa nimeyajifunza kwa kumfuatilia yeye na wengine wachache. Yanamfaa mtu yeyote ambaye wazee wake ni wa Newala, Tandahimba, Masasi, Mikindani, Lindi, Ruangwa, Nachingwea au Kilwa, hata kama yeye mwenyewe amezaliwa Mbagala.

Hatua ya kwanza: ukurasa mmoja, majina matano

Chukua daftari. Kila mzee mpe ukurasa wake, na juu kabisa usiandike mwaka wa kuzaliwa. Chora mistari mitano ya majina: la utotoni, la jandoni au unyagoni, la dini, la kazini, na la utani.

Mtu wa Kusini wa miaka ya 1930 angeweza kuwa na yote matano, na kila jina linafungua mlango wake. La utotoni analijua bibi mmoja tu aliyebaki. La jandoni wanalijua waliotahiriwa naye, kwa sababu kijana akitoka jandoni alipewa jina jipya, na kumwita kwa la zamani ilikuwa ni kumvunjia heshima. La dini liko kwenye daftari la kanisa, au kwa mwalimu wa chuo. La kazini ni lile aliloandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, alipokwenda mashamba ya mkonge, na wengi waliandikwa jina lolote lililomjia karani, ndiyo maana babu mmoja anaonekana Tanga kwa jina ambalo nyumbani halijawahi kutamkwa.

La utani lishike kwa mikono miwili. Watu hawampi mtu jina la chombo bure. Ukisikia Mzee Springi, Bibi Cherehani, Fundi Saa au Mzee Pampu, hiyo ndiyo dalili yako ya kwanza kwamba kulikuwa na kitu kilichotengenezwa, kilichorekebishwa au kilichochekesha kijiji kizima. Uliza swali moja: jina hili nani alimpa, na siku gani?

Hatua ya pili: kaa na wazee, lakini kwanza waondoe hofu ya mikorosho

Sipendi kuzunguka hapa. Ukifika kijijini na daftari, unaulizia babu alizaa na nani na shamba lake lilikuwa wapi, nusu ya ndugu wataamini umekuja kudai mikorosho. Mimi mjomba mmoja alininyamazia mwezi mzima. Kwa hiyo siku ya kwanza usiulize habari za mashamba wala mipaka kabisa. Peleka sukari na sabuni, toa shikamoo, kaa, sikiliza. Waambie wazi kwamba unaandika majina na visa, na kwamba nakala utawaletea. Halafu kweli uwaletee.

Anza upande wa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili walihesabu ukoo kwa wanawake, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Wamakua watakutajia nihimo yao (ukoo wa upande wa mama), na Wayao wataeleza mbumba ya mtu fulani (kundi la dada na watoto wao) ilisimamiwa na nani. Ukifuata ubini peke yake, kama fomu za serikali zinavyotaka, utafika kwa babu mmoja au wawili kisha njia itakatika. Bibi zetu ndio barabara kuu.

Usiwasahau watani. Kwenye matanga ndugu wanamsifu marehemu, mtani anasema ukweli. Habari ya kwamba Mzee Jeki aliwahi kulipishwa faini ya gongo sikuipata kwa ndugu hata mmoja. Niliipata kwa mtani wetu mmoja siku ya arobaini. Alijifunga shuka, akabeba ndoo kichwani, akaigiza jinsi mzee alivyokuwa akiwakimbia askari bila kumwaga hata tone. Watu walicheka. Mimi niliandika.

Kuhusu tarehe, usiulize "alizaliwa mwaka gani". Utapewa mwaka wa kubuni, tena kwa adabu. Uliza kwa matukio: alikuwa keshatahiriwa wakati wa vita vya Mahiwa (Oktoba 1917)? Alikuwa na mke wakati Wazungu wa karanga, yaani Waingereza wa mpango wa mashamba ya karanga, wanafyeka Nachingwea (1947 hadi 1951)? Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 kilimkuta katika nyumba gani? Kwa wazee wa nyuma zaidi kuna Maji Maji (1905 hadi 1907), na kwa wa karibu kuna kung'olewa kwa reli ya Nachingwea mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuhamia vijijini miaka ya 1970. Swali jingine zuri ni "aliingia jandoni na nani?" Ukimjua mwenzake mmoja mwenye tarehe, umewapata wote kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili.

Rekodi kwa simu, ila omba ruhusa kwanza. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, kijiji na anayezungumza. Nina rekodi tatu nzuri sana ambazo leo sijui ni za nani.

Hatua ya tatu: fungua sanduku, kisha nenda bandani

Kwenye sanduku la bati la bibi tafuta kipande cha kazi, stakabadhi za kodi, barua (nyingine zitakuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tafuta mwalimu wa chuo akusomee), picha na medali. Medali ya Mwingereza ya Vita vya Kwanza igeuze utazame ukingoni, mara nyingi pamechongwa namba na jina la askari. Za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo usiyalaumu macho yako.

Bandani ndiko waliko wavumbuzi. Chombo kilichotengenezwa kwa mkono kina vipande vilivyotoka kwenye vitu vingine, na vipande hivyo vina maandishi. Usisugue kwa steliwaya. Futa vumbi kwa brashi laini, weka karatasi nyembamba juu ya chuma, pitisha penseli ubavuni taratibu. Namba na herufi zitajitokeza zenyewe.

Jeki ya mzee wetu ipo mpaka leo. Ni ile ya skrubu, ya kuzungusha kwa mpini, imekaa kama chupa nene ya chuma, na masizi yameingia ndani ya meno yake. Mashine yenyewe ilikuwa hivi: nguzo mbili za mninga zimechimbiwa chini, juu pamefungwa gogo la kukingama. Katikati kuna sanduku la mbao lenye matundu chini, na chini ya matundu bati lililokunjwa kama mfereji. Mabibo yanajazwa sandukuni, kifuniko kinawekwa juu yake, jeki inasimama juu ya kifuniko na kichwa chake kinagusa gogo. Ukizungusha mpini, jeki inalisukuma gogo, gogo haliendi popote, basi kifuniko ndicho kinachoshuka. Juisi inatiririka kwenye ndoo. Wenzake walikuwa wanatwanga kinuni.

Penseli yangu ilitoa neno Birmingham na namba tano. Neno hilo moja lilitosha kuvunja hadithi nzima ya ukoo, nitaeleza mbele.

Hatua ya nne: madaftari ya dini

Waanglikana wana historia ndefu Masasi. Misheni yao ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilianzisha kijiji pale mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani akitokea Zanzibar. Kumbukumbu za misheni hiyo huko Uingereza zinatunzwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Kwa Wakatoliki, Wabenedikto walifika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Vituo vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa kwenye Maji Maji mwaka 1905, kwa hiyo usishangae ukiambiwa vitabu vya kabla ya hapo havipo.

Omba miadi, usitokee tu Jumapili baada ya ibada. Uende na jina la dini, jina la baba, jina la mama na jina la kijiji. Nenda pia na jina la msimamizi wa ubatizo kama unalo, maana wasimamizi mara nyingi ni ndugu au bwana wa kazi. Na soma jina kwa masikio, si kwa macho: L na R zinabadilishana, N ya mbele inaongezwa au inaachwa, na Mjerumani aliyeandika kwa mazoea ya kwao aliweza kuandika "tsch" mahali pa ch na "dsch" mahali pa j. Mzee wetu nilimpata hivyo mwishowe, kwa jina la mama yake, katika ukurasa nilioupita mara mbili nikimtafuta Jack.

Kwa Waislamu wa Mikindani, Lindi na Kilwa, daftari la namna hiyo ni nadra, lakini kuna vyeti vya ndoa, hati za wakfu, makaburi yenye maandishi, na dua. Kwenye hitma wazee hutajwa mmoja mmoja kwa jina na jina la baba. Kaa karibu na anayesoma orodha ile, kisha umwombe aisome tena taratibu baada ya chakula.

Hatua ya tano: serikali, magazeti na Wazungu

Hapa watu wengi hutaka kuanzia, na ndipo hukata tamaa. Hataza kwanza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa ("patent"), tumalize haraka. Leo hataza zinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya sheria ya 1987. Kabla ya hapo, hapa kwetu zilisajiliwa zile zilizokwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa Newala wa mwaka 1950 angetaka hataza ya mashine yake angelazimika kupitia London. Hakupitia. Ukikosa jina lake kwenye hataza haina maana yoyote kuhusu akili yake.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ina nyaraka za Mjerumani na za Mwingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, wakuu wa wilaya wa kikoloni, waliandika habari za koo, majumbe, mila na kesi. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho na penseli. Usiombe "habari za babu yangu". Omba wilaya na miaka, kisha usome kila kitu, hata ripoti za minazi.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ni hazina ambayo watu wanaipita. Wasomaji waliandika barua na mashairi kutoka kila wilaya, wakaweka jina na mahali mwishoni. Kama ukoo wenu unasema babu alikuwa malenga, humo ndimo pa kumhukumia.

Kisha kuna Wazungu waliokuja kwetu na madaftari yao. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi hadi uwanda wa Makonde akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti. Nyimbo alizonasa kwenye silinda za nta ziko Berlin. Na Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi. Mifupa ya dinosaria mkubwa iliyounganishwa na kusimamishwa Berlin ina kimo cha mita 13 na kitu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye baadaye alifanya kazi na Waingereza pia. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Huyo ni mzee wa Kusini aliyeingia kwenye sayansi kwa jina, si kwa "kibarua namba fulani".

Ila nakutahadharisha: Lindi nzima babu zao walichimba Tendaguru. Mamia ya watu walifanya kazi pale, kwa hiyo inawezekana. Uliza tu maswali madogo: alilala wapi, alilipwaje, mfupa ulifungwaje kabla ya kubebwa? Mjukuu wa mchimbaji wa kweli huwa na jibu la ajabu kwa mojawapo. Mwingine hurudia habari za ukubwa wa mnyama.

Kwa waliokufa vitani, tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ina orodha ya bure kwenye intaneti. Wapagazi wengi wa Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina popote. Usipomkuta wako, usimfute.

Hatua ya sita: chekecha neno "wa kwanza"

Kila ukoo wenye fundi una sentensi inayoanza na "yeye ndiye wa kwanza". Kwetu tulisema: Mzee Jeki aliunda mashine ya kwanza ya mabibo Kusini nzima, zamani za Mjerumani.

Nikaiweka kwenye meza. Jeki inasema Birmingham, mji wa Uingereza, na haielekei Mjerumani alinunua vyuma vyake huko. Wenzake wa jandoni wanamweka kijana mbichi Wazungu wa karanga walipofika, na mpango ule ulipokufa mwaka 1951 Nachingwea ilibaki na vyuma kila kona. Sandukuni mkawa na stakabadhi ya faini ya mwaka 1956. Kwa hiyo mashine ni ya kati ya 1947 na 1956. Mjerumani akatoka. "Kusini nzima" nayo ikatoka, kwa sababu sina namna ya kuijua. Nilichoandika ni hiki: hapa kijijini hakuna anayekumbuka mashine ya namna hii kabla yake. Mama mkubwa hakufurahi. Aliniambia nimempunguza kaka wa mama yake.

Sidhani. Mfikirie Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hapo jirani zetu. Hakuna aliyemsajili. Alichukua ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa 1972, na miaka ile minne imetosha jina lake kuwa jina la aina ya uchoraji. Uvumbuzi wa watu wetu mara nyingi uko hivyo: kitu cha kazi moja kimehamishiwa kazi nyingine. Ukiuandika kwa usahihi unapendeza kuliko ukiuongezea chumvi.

Hatua ya saba: mambo ya aibu

Gongo, jela, mke wa pili aliyetoroshwa, uchawi uliosingiziwa: marehemu wa zamani andika, ukitaja aliyekusimulia na siku. Walio hai waache. Kesi isiyo na karatasi iite uvumi.

Asili ya utumwa ni jambo jingine kabisa. Masasi, Mikindani na Kilwa zipo koo ambazo bado hazilisemi hilo barazani, na neno moja kwenye kundi la WhatsApp linaweza kuvunja uchumba wa watu. Ukilikuta, mpelekee mkubwa wa ukoo faraghani, na uamuzi wa kuliandika au kuliacha uwe wao, si wako.

Hatua ya nane: nakala

Chora mti wa ukoo kwa kuanzia kwa bibi, toa nakala za karatasi kwa kila mlango (tawi) wa ukoo, na picha za vitu weka mahali zaidi ya simu moja. Karatasi moja ibandikwe ukutani nyumba ya mkubwa, kalamu ining'inie pembeni kwa uzi. Watu watasahihisha wenyewe, wengine kwa hasira.

Kwenye ukurasa wa Mzee Jeki mistari minne imejaa. Wa juu kabisa, jina la utotoni, bado ni mtupu. Nimeambiwa yuko bibi mmoja Kitangali aliyecheza naye utotoni, kwamba anasikia vizuri asubuhi tu, na kwamba nisiende mikono mitupu.